Kadi Nyeupe ya Chumba cha Mama

Ndugu zangu, ninyi wenye dada na ninyi wenye mawifi, sogeeni karibu. Hadithi hii haina jini wala mchawi. Ina mlango mmoja, kadi moja na moyo wa mtu mmoja, na hivyo vitatu vilikaribia kuitia familia nzima msibani.

Alasiri ya kwanza ndani ya meli ilikuwa ya raha tupu. Mama, mwanamke wa miaka sabini na mmoja ambaye maisha yake yote hakuwahi kulalia kitanda alichotandikiwa na mtu baki, alikaa ukingoni mwa kitanda cha chumba namba 612 akipapasa shuka.

"Jamani, hii imepigwa pasi hadi chini ya godoro," alisema. "Sasa huko chini nani atakagua?"

Wote wakacheka. Walikuwa watu watano katika vyumba vitatu vilivyofuatana kwenye ujia mmoja mwembamba. Mama alikuwa katikati, peke yake. Katika chumba namba 614 alikaa binti yake wa kwanza na mumewe, kinyozi mwenye maneno mengi. Katika chumba namba 610 alikaa mtoto wake wa mwisho, fundi umeme, pamoja na mkewe ambaye ni muuguzi. Wiki nzima baharini ilikuwa zawadi ya watoto kwa mama yao, nao walikuwa wameizungumza mwaka mzima.

Huyo binti wa kwanza ni fundi cherehani, na fundi hasa, lakini mtaani kwao hakuna anayemwita fundi. Wanamwita Mama Funguo. Baba yao alipofariki, miaka ishirini na miwili iliyopita, mama alimkabidhi kishada cha funguo za nyumba: geti, stoo, kabati la vyombo, sanduku la nguo za kutokea. Akakifunga kiunoni, na tangu siku hiyo hakuwahi kwenda popote bila hicho. Wajukuu waliposikia mlio wake waliacha utundu wao mara moja. Hata melini alikuja nacho.

"Mke wangu, umeleta ufunguo wa geti baharini?" kinyozi alimuuliza walipokuwa wanapanga nguo. "Unaogopa samaki watatoka bila ruhusa?"

"Niache na mambo yangu," Mama Funguo alijibu, akakiweka kishada juu ya meza ndogo, mahali pa kuonekana.

Sasa, melini humo hakuna funguo za chuma. Kila abiria hupewa kadi ya bluu yenye jina lake. Hiyo ndiyo inayomfungulia chumba chake, na ndiyo anayoonyesha akishuka bandarini na akirudi. Fundi umeme alikuwa ameomba pia kadi moja ya akiba kwa kila chumba. Kadi za akiba ni nyeupe, hazina jina wala namba, ili mtu akiiokota njiani asijue ni ya mlango upi. Zote tatu zilifanana kama mayai ya kuku mmoja.

Mama Funguo alikuwa amejiandaa kwa jambo hilo tangu nyumbani. Alishona vifuko vya kuvaa shingoni kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye kazi zake, kila kimoja na kifungo chake: cha kijani kwa mama, vyekundu kwa chumba chake, vya njano kwa mdogo wake na mkewe. Aliwagawia wote mbele ya mama, akisubiri kusifiwa, na akasifiwa. Kisha akanyoosha mkono.

"Haya, kadi nyeupe ya chumba cha mama nipeni niiweke," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu chake.

Mama aliitazama kadi ile kiganjani. Halafu akamgeukia mke wa fundi umeme.

"Hii chukua wewe, mkwe wangu. Wewe ndiye unayenichoma sindano asubuhi na jioni. Usiwe unasimama mlangoni unabisha hodi kama mdai."

Muuguzi akaipokea kwa mikono miwili, akaitia kwenye kifuko chake cha njano, akafunga kifungo. Hakuna aliyeona jambo. Fundi umeme alikuwa akichungulia swichi za taa, kinyozi akijaribu viti. Ila mkono wa Mama Funguo ulibaki hewani kwa muda, kisha akautumia kurekebisha kilemba ambacho hakikuwa kimelegea.

Wivu ulimwingia hapo hapo. Tusimsingizie, na wala tusimfunike: ulikuwa wivu, si kitu kingine.

Alikuwa na haki gani ya kuumia? Yeye alijipa nyingi. Nani alimvusha mama kwenye msiba wa baba? Nani aliyekuwa akijua chumvi imewekwa wapi na hati ya nyumba imefichwa wapi? Huyu muuguzi ameolewa juzi tu, miaka sita haijatimia, tayari anafunguliwa milango. Na kilichomchoma zaidi kuliko vyote ni kwamba mama alisema kweli. Mama ana kisukari, anahitaji sindano kila siku, na Mama Funguo, anayeshika sindano ya cherehani kutwa nzima bila kupepesa, akiiona ya hospitali hugeuza uso. Alijaribu mara moja, akaanguka yeye kabla ya mgonjwa.

Siku ya pili alikuwa na kazi moja tu, kuhesabu. Kwenye chakula cha asubuhi mama alimsifia muuguzi, wifi yake Mama Funguo, kwa mkono mwepesi: moja. Kwenye sitaha mama alimshika wifi mkono waliposhuka ngazi: mbili. Mchana mama alicheka sana kwa hadithi ya wifi kuhusu daktari aliyepoteza miwani ikiwa usoni mwake: tatu, na hadithi yenyewe wala haikuchekesha. Kila mara wifi alipoingia 612 bila kubisha, mlango ukilia *ti* na kuwasha taa ya kijani, Mama Funguo alisikia mlio ule ukutani kwake.

"Wewe una nini?" mumewe alimuuliza. "Watu wanatazama pomboo, wewe unatazama ukuta."

"Nasikia joto."

"Joto na chumba kina baridi ya kuhifadhi samaki! Haya."

Hasidi hana sababu, walisema wahenga, lakini hasidi akitafuta nafasi huipata. Jioni ile nafasi ilikuja kwa miguu yake yenyewe. Wifi alibisha hodi 614, akiwa ameshika kifuko cha njano.

"Wifi, samahani. Kifungo kimetoka, nimekiokota. Naogopa kadi zitadondoka. Utanisaidia?"

"Kifungo tu? Kaa."

"Ngoja nimpeleke mama akale kwanza, nitakipitia. Kadi yangu ya bluu nimeitoa, hiyo nyeupe imo humo humo." Akatabasamu. "Kwako ndiko salama."

Akaenda. Mama Funguo akatoa sindano na uzi. Uzi wa njano ulikuwa umeisha, akachukua mwekundu. Akashona kifungo vizuri, mishono minane, akakaza fundo. Kisha akaitoa kadi nyeupe ya chumba cha mama, akaitazama. Juu ya meza, kando ya kishada cha funguo, ilikaa kadi nyeupe ya chumba chake mwenyewe. Mayai ya kuku mmoja.

Wazo alilopata lilikuwa dogo kuliko hata hiyo kadi. Hakutaka kumdhuru mtu, na hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Alitaka wifi yake asimame mlangoni kesho mbele ya taa nyekundu, ajaribu mara moja, ajaribu mara mbili, halafu aje 614 na kusema, "Wifi, nifungulie." Na mama, kule ndani, asikie ni nani aliyefungua. Basi. Kisha angesema kadi zimechanganyika, na pengine mama angeona kwamba vitu hivi vinahitaji mtu aliyezoea kuvitunza.

Akabadilisha. Kadi ya 614 ikaingia kwenye kifuko cha njano, ya 612 ikaingia kwenye kifuko chake chekundu. Wifi aliporudi alishukuru mara tatu, akabusu kile kifuko, akakivaa. Mlango wa mama jioni ile ulifunguliwa na mama mwenyewe, kwa kuwa waliingia pamoja, na kadi nyeupe haikuhitajika.

Asubuhi ya tatu meli ilitia nanga kwenye bandari ya mji mmoja uliosifika kwa maduka ya vitambaa. Abiria walijaa kila ngazi. Fundi umeme alikwisha kuomba ruhusa ya kwenda kuona mitambo ya meli, akawa huko chini tumboni kwenye kelele, mwenye furaha. Wifi alisema angebaki na mama.

Mama Funguo aliketi kitandani amevaa viatu, mkoba begani, akisubiri kubishiwa hodi. Saa mbili ikapita; kumbe mama alikuwa amekwisha kumfungulia wifi mwenyewe, na kadi haikutumika. Akausikia mlango wa 612 ukifungwa na hatua za wifi zikienda upande wa ukumbi wa chakula. Vizuri. Akirudi tu, atakwama.

"Twende basi," kinyozi alisema. "Foleni ya kushuka itatumaliza."

"Subiri kidogo."

"Unasubiri nini? Hao wenye vitambaa hawatakuja kukupimia humu ndani."

Alisubiri tena dakika kumi. Wifi hakurudi. Kumbe chakula kilikuwa na msongamano, kila mtu akila haraka kabla ya kushuka. Mwishowe Mama Funguo akasimama. Moyo ulimwambia airudishe ile kadi, aisukume tu chini ya mlango wa 610 na yaishe. Halafu akaisikia tena ile *ti* ya jana, akaukumbuka mkono wake ulivyobaki hewani. Aache atoke jasho mpaka mchana, akajisemea. Mama yuko kitandani, anapumzika, hana shida na mtu.

Hicho ndicho alichokuwa hakijui, ndugu zangu. Siku zote mama alikuwa akichomwa sindano na kwenda kula papo hapo. Asubuhi ile, baada ya kuchomwa, alisema miguu mizito, aletewe chakula chumbani. Wifi alikuwa ameenda kukifuata. Na mtu akishachomwa dawa ile asipokula, sukari mwilini hushuka kama ndoo kisimani.

Kule mjini Mama Funguo alishika vitambaa vya kila namna. Hariri, pamba nzito, pamba nyepesi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuuliza upana wa hata kimoja.

"Unatabasamu peke yako," kinyozi alisema. "Kama paka aliyelamba maziwa ya jirani."

"Nimefurahi. Si tuko matembezini?"

Lakini tabasamu lenyewe lilikuwa halidumu. Akilini alimwona wifi amekwama mlangoni, akafurahi. Kisha akawaza: alifuata nini kwenye ukumbi wa chakula? Maana aliondoka bila mama, na mama hukaa naye meza moja kila asubuhi. Akashika kitambaa cha zambarau, akakiacha. Akamuuliza mumewe, "Mama amekula?" Kinyozi akamtazama kama aliyeulizwa mvua itanyesha lini. "Nitajuaje? Simu yako iko wapi, uwapigie?" Simu ilikuwa chumbani, inachajiwa.

"Turudi," alisema.

"Hata saa moja hatujamaliza!"

"Nimesema turudi."

Walipofika kwenye ngazi ya meli, mlinzi alipitisha kadi yake ya bluu kwenye mashine, akasoma kioo, na uso wake ukabadilika.

"Wewe ni wa 614? Unatafutwa tangu saa nne kasoro. Nenda zahanati ya meli. Mama yako yuko huko."

Mama Funguo hakumsikia mumewe akimwita. Alikimbia ngazi tatu, kile kifuko chekundu kikimgonga kifuani.

Zahanati ilikuwa chumba cheupe chenye vitanda viwili. Mama alikuwa kwenye kimoja, mdogo, mdogo kuliko alivyomjua, mrija wa dripu mkononi, midomo imekauka. Lakini macho yalikuwa wazi. Fundi umeme alisimama na mafuta ya mitambo mikononi. Wifi alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, ameshika mguu wa mama kupitia blanketi.

Yaliyotokea alisimuliwa na mhudumu wa vyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni. Muuguzi alirudi na sinia, kadi ikakataa. Taa nyekundu. Akajaribu mara sita. Akabisha, akaita, hakujibiwa. Akagonga 614, hakuna mtu. Akakimbia mapokezi, akakuta foleni ya watu wanaoshuka. Wakamwambia asubiri zamu, akapiga kelele hadi wakampisha. Mpaka mhudumu mwenye kadi kuu akapatikana sitaha mbili chini, zilikuwa zimekwisha dakika ishirini na tano. Walipofungua, mama alikuwa sakafuni kati ya kitanda na bafu, jasho limemlowesha, haitiki. Daktari wa meli alisema zingepita dakika kumi nyingine, asingekuwa na cha kufanya.

"Nitawashtaki hawa!" fundi umeme alifoka. "Meli nzima hii na kadi mbovu! Mama yangu angekufa kwa sababu ya plastiki!"

"Mzee, kadi si mbovu," mhudumu alisema kwa upole. "Nimeipima. Ni nzima kabisa, ila si ya chumba hicho. Ni ya 614."

Kinyozi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia akihema, akamtazama mkewe.

Aliyesema ni wifi. Alikuwa ameinamia kile kifuko cha njano mapajani mwake, kidole chake kikipita juu ya kifungo, juu ya ile mishono minane ya uzi mwekundu. Akainua macho, akamtazama Mama Funguo mara moja tu, akaelewa yote. Kisha akasema, "Kosa ni langu. Jana jioni tuliziweka zote mezani. Nitakuwa nilichukua isiyo yangu, na sikuijaribu tena."

Fundi umeme akamgeukia mkewe. Hakuwahi kumpigia kelele mbele ya watu, na siku hiyo alimpigia. "Wewe! Muuguzi mzima! Unamchoma mtu dawa, unamfungia ndani, na kadi hujaitazama? Kazini kwenu mnafanya hivyo?"

"Nisamehe," wifi alisema chini chini.

Basi hapo Mama Funguo alipata kila alichokitaka. Wifi yake alikuwa anakemewa. Wifi yake alionekana mzembe. Na bado wivu haukutosheka, maana hata katika kubeba lawama isiyo yake yule msichana alikuwa amemshinda tena, na Mama Funguo aliliona hilo wazi, likamuuma vibaya.

Mama akasogeza mkono usio na dripu. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Msigombane. Mhudumu, hiyo kadi ya chumba changu iliyo sawa, nitengenezee nyingine. Mpeni binti yangu mkubwa. Nilikosea mimi. Yeye ndiye aliyezoea funguo." Akamtazama mwanawe kwa macho yaliyochoka. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuacha wewe nikampa asiyejua kutunza."

Angeweza kunyamaza. Kila mtu chumbani alikuwa amekubali, na aliyejua ukweli alikuwa ameshaufunika kwa ulimi wake mwenyewe. Mama Funguo alikitazama kile kiganja cha mama kilichonyooshwa kwake, kiganja alichokitamani tangu alasiri ya kwanza. Akashika kifuko chake chekundu. Kifungo kikamsumbua, akakivuta hadi kikakatika kikaanguka sakafuni. Akatoa kadi nyeupe, akaiweka juu ya blanketi.

"Haina haja ya nyingine," alisema. "Ya chumba chako ni hii, mama. Ninayo tangu jana jioni. Niliibadilisha mimi, alipoleta kifuko nikishone. Nilitaka akwame mlangoni aje kuniomba. Sikujua hujala. Wallahi sikujua hujala."

Fundi umeme alimtazama dada yake kana kwamba amekutana naye njiani. Kisha akamtazama mkewe, akajifuta mafuta usoni, akazidi kujipaka.

"Kwa nini?" mama aliuliza.

"Ulimpa yeye."

"Nilimpa kadi ya wiki moja."

"Ulimpa mbele yangu, mama. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka."

Mama alifumba macho kwa muda mrefu hata daktari akasogea kuangalia. Alipoyafumbua, yalikuwa na machozi.

"Baba yenu alipokufa niliogopa watu," alisema. "Nikafunga kila kitu, nikakutwisha wewe funguo, na ulikuwa bado msichana. Kila siku nakusikia unavyolia kiunoni kama ng'ombe mwenye njuga, na moyo unaniuma, nasema, mtoto huyu nilimfanya mlinzi. Nilipokuja huku nikasema, wiki hii moja apumzike. Atembee mikono mitupu." Akavuta pumzi. "Kumbe nilikuwa najinyima mwenyewe uhai."

Mama Funguo alipiga magoti akaushika mguu mwingine wa mama, ule ambao wifi hakuwa ameushika. Alilia kwa sauti. Wifi hakumkumbatia, na tusimlaumu; alikuwa amehangaika dakika ishirini na tano kati ya mlango ule na mapokezi, akimwita mtu asiyeitika. Alichofanya ni kumsogezea boksi la karatasi za kufutia machozi, kwa upande wa mguu, bila kumtazama.

Siku nne zilizobaki mama hakutaka kadi tena. Alikataa ya bluu, akakataa nyeupe. Aliweka kandambili yake moja kwenye mlango wa 612 ili usijifunge, na kila aliyepita ujiani aliiona, kandambili ya kijani imebanwa kati ya mlango na fremu. Mhudumu alisema ni kinyume cha utaratibu, mama akamwambia, "Mwanangu, utaratibu wenu nimeuona." Na kila Mama Funguo alipotoka chumbani kwake, ilimbidi airuke ile kandambili kwa macho.

Waliporudi nyumbani, mama alimwomba kile kishada. Hakumnyang'anya, alimwomba. Akamwambia fundi umeme apige msumari ukutani sebuleni, kimo cha mkono wa mtu yeyote, wakakining'iniza pale. Muuguzi huchukua ufunguo wa stoo akihitaji, wajukuu huchukua wa geti, na hakuna kilichowahi kupotea. Wifi na Mama Funguo husalimiana, huulizana hali, hukaa meza moja. Lakini muuguzi akikatikiwa na kifungo siku hizi, hushona mwenyewe, vibaya, mishono imepinda, na Mama Funguo hukiona kila muuguzi anapokuja. Majirani hawajui lolote, bado wanamwita Mama Funguo. Akiitwa hivyo hukohoa kidogo kabla ya kuitika.

Funzo

Wivu hauanzi na sumu wala kisu. Huanza na jambo dogo unaloona ni mzaha: kumchelewesha mtu, kumfichia kitu, kumwacha atoke jasho kidogo. Tatizo ni kwamba mlango unaomfungia mwenzako hujui nani yuko ndani yake. Mama Funguo alimfungia wifi yake nje, akamfungia mama yake mzazi na mauti ndani.

Ninyi wazazi, mnapomvua mtoto jukumu alilolibeba miaka, mwambieni sababu siku hiyo hiyo, kwa mdomo. Neno moja la mama alasiri ile lingeokoa mengi. Na ninyi mnaosafiri familia nzima katika vyumba vingi, msiziache funguo ziwe cheo. Kila kadi ijaribiwe mlangoni kabla ya kuitegemea, na chumba cha mgonjwa kijulikane funguo zake ziko kwa watu wawili, mbele ya wote.

Mwisho, wewe uliyeshika funguo za nyumba yenu miaka mingi, nami najua upo, unasoma. Mkono wako ukibaki hewani siku moja, urudishe taratibu. Utakuwa umepumzishwa tu. Maana imani ya mtu aliyekuletea kifuko chake na kusema "kwako ndiko salama", ikishakatika, hata fundi cherehani hana uzi wa kuishona.